Msimamo wa Jean-Berchmans Kuhusu Wageni

Mara ya kwanza Jean-Berchmans alipoingia dukani kwa Mukunde, hakununua kitu. Alishika kitenge, akakisugua kwa kidole gumba, akakinusa, akakirudisha, kisha akaomba kura.

"Kura siuzi," Mukunde akamwambia. "Nauza vitambaa. Lakini taja bei yako nisikie."

Pale Gisimenti, jijini Kigali, nyuma ya baa za nyama choma, mafundi cherehani walikuwa na jengo la ushirika, duka la Mukunde likiwa humo, na ushirika ulikuwa unachagua mwenyekiti. Mwenyekiti ndiye mgawa vyumba. Mwaka huo ugomvi wote ulikuwa juu ya wageni. Mafundi kutoka Bukavu, Kampala na Kigoma walikuwa wameongezeka, na wateja walikuwa wanawafuata. Mgombea mmoja, Kabagwira, hakuficha lake: wageni wahamishiwe Masoro, kwenye viwanda na maghala, wakashone huko mbali na macho ya wateja. Msimamo wa mgombea wa pili, Jean-Berchmans, haukujulikana hata kwa mkewe.

Mukunde alitaka kuujua, na si kwa sababu ya huruma. Fundi wake Shafiq alikuwa mtu wa Ujiji, kule Kigoma. Suti aliyoikata Shafiq ilimfanya bwana harusi mwenye kitambi aonekane waziri. Watu walikuja kumtafuta Shafiq, wakaondoka na vitambaa vya Mukunde. Shafiq akipelekwa Masoro, duka linabaki na nzi.

"Kuhusu wageni," akauliza, "msimamo wako ni upi?"

"Msimamo?" Jean-Berchmans akatazama huku na huku. "Madamu, mimi iko nasimama tangu asubuhi, magoti inauma. Nipe kwanza kiti."

Akapewa kiti. Mukunde amefanya biashara na watu wa kila namna, lakini huyu alikuwa na namna yake peke yake. Kazi yake ilikuwa kutengeneza zipu, katika chumba cha kona kinachotazama barabara, chumba kizuri kuliko vyote jengoni. Alizaliwa Bujumbura, na lugha zake alikuwa amezigawia kazi: Kifaransa cha kukataa, Kinyarwanda cha kuahidi, na Kiswahili cha kufanya yote mawili kwa pamoja. Mteja akisema zipu imeharibika, anakubali. Mwenye suruali akirudi kusema zipu bado mbovu, anakubali hilo pia, tena kwa masikitiko.

"Wenyeji umewaambia nini?" Mukunde akauliza.

"Nimewaambia wageni wamezidi."

"Na wageni?"

"Nimewaambia wenyeji wana roho mbaya."

"Na mimi?"

"Wewe nakuambia unapendeza, madamu."

Mukunde akacheka kidogo, kisha akaacha, maana kicheko nacho ni punguzo. "Sikia. Mafundi wageni wote watakuchagua, hiyo ni kazi yangu. Wewe utasimama mkutanoni, useme kwa Kiswahili mbele ya Kabagwira: kila mgeni atapata mahali, hapa hapa Gisimenti. Ukishasema mbele ya watu, umesema."

"Kira mugeni atapata mahari," Jean-Berchmans akarudia.

"Hapa hapa Gisimenti."

"Hapa hapa Gisimenti."

Wakapeana mikono. Mukunde alilelewa Karagwe, upande wa Tanzania. Siku za kwanza Kigali masikio yalikuwa yakimwasha kila aliposikia R imekalia kiti cha L. Lakini alishazoea. Siku hiyo hakusikia kitu.

Mkutano ukafanyika Jumamosi baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa. Watu walitoka kufagia mitaro, wakaketi uani na matope yao viatuni. Kabagwira, mwanamke aliyekulia Kampala, akaanza.

"Banange, mimi sina chuki na mtu. Lakini mgeni ni mgeni. Masoro kuna nafasi, kuna umeme, kuna hewa safi."

"Na wateja?" mtu akapiga kelele.

"Wateja nao wana miguu!"

"Wewe mwenyewe si wa Kampala?"

"Kampala nilikulia, sikutokea!" Kabagwira akajibu, akakaa kwa hasira.

Jean-Berchmans akasimama. Kwa kuona nyuso nyingi namna ile, akaanza kukubaliana nazo zote. "Kabagwira amesema vizuri sana..." Mukunde akakohoa. Jean-Berchmans akaruka kama mtu aliyechomwa sindano. "Rakini! Mimi iko na msimamo! Kira mugeni atapata mahari! Hapa hapa Gisimenti! Nitatoa mimi mwenyewe!"

Hayo ya kutoa yeye mwenyewe hawakuwa wamekubaliana; yalimtoka kwa moto wa hotuba.

Kisha vijana wa Bukavu wakapiga miluzi. Shafiq akainamia viatu vyake. Alikuwa amemchumbia Shakira, binti wa Nyamirambo, mtaa wa Kigali hiyo hiyo, aliyedarizi magauni chumba cha pili, na ndoa ilikuwa imekwama kwa sababu ya mahari tu. Shakira akasimama.

"Baba, samahani, rudia hapo."

"Mahari!"

"Kwa kila mgeni?"

"Kira mutu na yake! Rakini zisiwe kubwa sana, jamani, tubanane!"

Hapo ndipo masikio ya Mukunde yalipozibuka, na alikuwa amechelewa. Mjomba wa Shakira, aliyekuwa ameketi karibu na geti, alishainua mikono juu. "Alhamdulillahi! Mahari imetajwa mbele ya mashahidi."

Jean-Berchmans alishinda. Wageni walimchagua kwa mapatano, na wenyeji wengi walimchagua kwa kicheko. Kesho yake alikuwa dukani kwa Mukunde, na Shakira nyuma yake.

"Madamu, mwambie huyu mtoto nilisema mahari, sikusema mahari!"

"Nimekusikia vizuri," Shakira akasema. "Usihangaike, baba. Mahari mwanamke ndiye anayetaja, na mimi pesa sitaki. Nataka chumba cha kona."

"Hicho changu!" Jean-Berchmans akahamia Kifaransa, akakataa kwa dakika nzima bila kupumua.

"Si ulisema utatoa wewe mwenyewe?"

Mukunde akapiga hesabu. Shakira ni mwenyeji wa Nyamirambo. Chumba kikiandikwa jina lake, hakuna wa kumtoa mumewe kwa maneno ya wageni. Binti alikuwa ameliona hilo kabla yake. Mukunde akimtetea Jean-Berchmans, basi neno la mwenyekiti halina thamani, na Kabagwira yuko mlangoni anasubiri kuwafungasha wote Masoro. Akimtetea Shakira, Shafiq anahama. Akajaribu katikati.

"Chukua chumba, mwanangu. Lakini Shafiq abaki kwangu."

"Mama, mume ashonee kwa nani, na mke ana chumba?"

"Aje kwangu nusu siku."

"Nusu ipi? Ile ya kushona au ile ya kula?"

"Basi vitambaa vyote mnunue kwangu."

"Tutanunua. Kwa bei ya fundi."

"Bei ya fundi ni ya mtu ninayemjua."

"Si ndiyo unanijua hivi?"

Walivutana mpaka chai ikapoa, huku Jean-Berchmans akikubaliana na kila mmoja kwa zamu. Mwisho akakubali na lililomhusu yeye: chumba cha kona kikawa cha Shakira.

Wageni wote walibaki Gisimenti. Kabagwira alikosa uenyekiti, akampa mmoja wa wale wa Bukavu kazi ya kumshonea mikono ya magauni, kwa sababu biashara ni biashara. Shafiq alioa bila kutoa kitu, akapata mke ambaye hakuna aliyewahi kumshinda kwa bei. Jean-Berchmans ni mwenyekiti, na zipu anazitengenezea barazani. Mukunde alipoteza fundi, akapata mteja anayenunua majora kwa majora, na asiyemwachia hata faida ya uzi.