Kwenda Ukweni Chali

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua miwani. Nilikuwa nimepasuliwa na kutoka hospitali siku chache tu zilizopita, na kila nikikaa kwenye benchi langu la kazi hapa Geita, ninapotengeneza mizani za wanunuzi wa dhahabu, kichwa kinauma kuanzia kisogoni hadi nyuma ya macho na shingo inakaza. Nikilala, kinapoa. Kazi hii nilijifunza mwenyewe, kwa kufungua mizani mbovu na kuzikodolea macho mpaka zinisimulie zilipoumia, nikaona na udaktari nitajifunza hivyo hivyo. Nikapiga hesabu: kazini natumia macho, kitandani siyatumii, kwa hiyo tatizo ni macho. Nikanunua miwani kwa mchuuzi wa stendi. Kichwa kikaendelea kuuma, ila sasa na nzi wa kibandani kwangu nikawa nawaona wakubwa kama kuku.

Muuguzi alikuwa ameniambia wakati natoka wodini, "Umechomwa ganzi ya mgongo. Ukikaa kichwa kikauma, usingoje, urudi." Nilimwitikia vizuri sana. Lakini nilikuwa nawaza kola ya shati langu, kwa sababu Jumamosi ile nilitakiwa Kambarage, Shinyanga mjini, kujitambulisha kwa wazazi wa Kabula, mchumba wangu. Tarehe ilikuwa imeshasogezwa, na baba yake alikuwa amesema kijana anayeahirisha posa ataahirisha na kulisha watoto. Nikiahirisha tena, Kabula basi.

Na kulikuwa na jambo jingine lililoninyima usingizi. Upasuaji wenyewe ulikuwa wa ngiri. Huo si ugonjwa wa kutaja ukweni. Kwetu, ukweni hata kupiga chafya unapiga kwa adabu, na ngiri watu wameiweka kwenye mambo ya ndani ya suruali. Ukiitaja tu, wanaanza kujiuliza kama wajukuu watapatikana. Kabula mwenyewe nilimwambia nimetumbuliwa jipu.

Geita, asubuhi. Mjomba Masanja, kaka wa mama yangu, alikuja kunichukua na pikapu yake. Yeye analima mpunga Kharumwa, wilayani Nyang'hwale, na ndiye aliyekuwa msemaji wangu wa posa. Nilikaa mbele kama mtu mzima. Hatukufika mbali.

"Maduhu, mbona uso umekuwa rangi ya mchicha?"

"Niko sawa, mjomba."

"Uko sawa na nini?"

Nikafungua mlango, nikatapikia barabarani, nikafuta mdomo, nikakagua shati. Shati lilikuwa salama. Nikamwambia tuendelee.

Kharumwa. Hapo mjomba alipakia magunia ya mpunga ya kuuza Shinyanga. Alipomaliza aliniangalia nilivyoegemea ukuta, akanishika kwapa na kunilaza juu ya magunia, kisha akanifunika kitenge cha mkewe kwa ajili ya jua. Kichwa kikatulia papo hapo, kama redio iliyozimwa. Nilitamani nioe pale pale.

Ningependa kukueleza mandhari ya kati ya Kharumwa na Kahama. Niliyoyaona ni haya: mawingu, nyaya za umeme, tumbo la ndege fulani mkubwa, na videvu vya watu waliosogea kunichungulia kila tuliposimama. Watu wa Nyang'hwale wana videvu vilivyonyolewa vizuri. Zaidi ya hapo sina ushahidi.

Karibu na Kahama, askari wa barabarani alitusimamisha. Nilisikia viatu vyake vikizunguka gari, halafu vikasimama usawa wa sikio langu.

"Mzee, pole. Marehemu mnampeleka wapi?"

"Ukweni," mjomba akajibu.

Viatu vikasogea karibu. "Alikuwa mkwe?"

"Shikamoo, afande," nikasema chini ya kitenge.

"Marahaba," akajibu kwa mazoea, ndipo akaruka. Aliporudi alikuwa mkali. Abiria hakai juu ya mzigo, akasema, na anayelala juu yake ni mbaya zaidi. Nikahamishiwa mbele. Safari iliyobaki niliimaliza nimelala kwenye kiti, kichwa juu ya paja la mjomba, miguu ikitoka dirishani. Kila alipobadilisha gia alinigonga sikio, na kila mara aliomba radhi kwa gia, si kwangu.

Kambarage, mchana. Nilikuwa nimejifunza mbele ya kioo namna ya kuchuchumaa mbele ya wakwe: magoti pamoja, macho chini, mgongo usiinuke mapema. Nilishuka kwenye gari, nikavaa koti, nikaingia sebuleni, nikachuchumaa.

"Mwadila, baba," nikamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, ng'wanawane," akaitikia Baba Kabula, akiniita mwanawe. Ni mtu mnene, mwenye fundi chereheni wake wa siku nyingi, kwa kuwa suruali zake zote ni pana kuliko kawaida. Mama Kabula, kama desturi ya ukwe inavyotaka, hakuja kukaa nami uso kwa uso. Alisalimia kutoka nyuma ya pazia la korido, na vidole vya miguu yake vilibaki pale chini ya pazia muda wote.

Nikakaa kwenye sofa. Mjomba akaanza kueleza ukoo wetu tangu babu wa babu. Alipofika kwa babu, nyundo zilikuwa zimeshaanza kisogoni. Nikateleza kidogo. Alipofika kwa baba yangu, mabega yangu yalikuwa pale kinapokaa kiuno. Kabula akaingia na soda kwenye sinia, akanikuta nimefikia kapeti.

"Kijana wetu ana heshima," mjomba akasema haraka. "Akisalimia, anasalimia mpaka chini."

"Heshima hii imepitiliza," akasema Baba Kabula. "Mtu amelala."

Nilijaribu kuinuka, dari ikazunguka, nikarudi chini. Baba Kabula akasimama. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Masanja, niambie ukweli. Kijana ana kifafa?"

Ukweni huwa wanaulizia kwanza magonjwa ya ukoo kabla ya kutoa binti, na jibu baya linafunga mlango. Kabula alikuwa bado ameshika sinia.

"Si kifafa, baba," nikasema nikiitazama dari, maneno ya muuguzi yakinirudia. "Ni sindano. Nilichomwa sindano ya ganzi mgongoni. Tangu hapo nikikaa kichwa kinauma."

"Sindano ya nini?"

"Ya upasuaji."

"Upasuaji wa nini?"

"Jipu," akasema Kabula, akinitetea.

"Jipu gani linachomewa ganzi ya mgongo? Lilikuwa wapi?"

"Chini ya kitovu," mjomba akasema.

"Chini kiasi gani?"

Mjomba akanyanyua soda, akanywa yote. Vidole chini ya pazia vilikuwa vimesogea karibu. Nikafumba macho.

"Ngiri, baba."

Nilisubiri kuambiwa nitoke, nikawa napanga nitatokaje bila kusimama. Badala yake nikasikia kiti kikiburutwa, na uso mnene ukatokea juu yangu, karibu sana, ukinong'ona.

"Ya upande gani?"

"Kulia."

"Na yangu ya kulia. Kisu kinauma?"

"Hukisikii, baba. Kinachouma ni hiki kichwa."

"Muulize vizuri!" ikasema sauti ya pazia. "Miaka yote unatuambia umenenepa upande mmoja!"

Kabula alicheka mpaka akaweka sinia chini. Halafu akaniinamia. "Jipu, Maduhu? Tutaongea." Lakini ndiye aliyekwenda kumwambia mjomba awashe gari.

Hospitalini hapo Shinyanga, jioni hiyo. Baba Kabula alikuja nasi na hakuniacha hata hatua moja. Daktari wa dawa za usingizi alinisikiliza nikiwa nimelala, akaniambia nikae, akaona uso wangu, akaniambia nilale tena.

"Ubongo wako unaelea kwenye maji," akasema. "Maji hayo yanashuka mpaka kwenye uti wa mgongo. Sindano iliacha tundu dogo, yanavuja. Ukisimama, ubongo unakosa mto wake, unavutika. Mara nyingi tundu hujiziba kwa kupumzika. Wewe umepumzika wapi?"

"Kwenye magunia," akasema mjomba.

"Ungerudi mapema ulipoambiwa, ungekuwa umepona. Sasa tutaziba. Tunatoa damu mkononi mwako, tunaiingiza mgongoni karibu na tundu, inaganda, inakuwa kiraka."

Nikamuuliza damu ni kiasi gani, anajuaje mahali penyewe, na kama mkono wake huwa unatetemeka. Alinijibu yote kwa utaratibu, kisha akasema, "Wewe kazi yako ni nini?"

"Fundi mizani."

"Nilijua. Kunja mgongo, ujikunje kama paka, na ukae kimya."

Nilijikunja. Mkono mmoja ulitoa damu, mgongo ukaipokea. Nilisikia mgandamizo kiunoni, mzito lakini wa kuvumilika. Baba Kabula alisimama miguuni pangu akitokwa jasho kuliko mimi. Nilielewa kwamba anachokitazama si mkwe tu. Nikinyanyuka nikaanguka, hatakubali kisu maisha yake yote, na mimi atanikumbuka kama mtu aliyelala kwenye kapeti lake.

Tuliambiwa tusubiri nikiwa chali. Halafu daktari akasema, "Haya, taratibu." Nikakaa. Nikasubiri nyundo. Hazikuja. Nikashusha miguu. Nikasimama. Ukuta ulibaki ukuta.

"Vipi?" akauliza Baba Kabula.

"Hakuna kitu, baba."

"Tembea."

Nikatembea mpaka dirishani na kurudi. Alinitazama kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, akamgeukia daktari, akashusha sauti. "Na mimi nina swali. La upande wa kulia."

Kurudi Geita, nilikaa mbele, wima, nikiwa nimekatazwa tu kubeba vizito. Ndipo nikaiona njia: mawe makubwa ya Shinyanga yaliyopandana, mikokoteni ya punda, pamba iliyopasuka mashambani, mitaa ya Kahama yenye maduka ya spea. Mjomba alinionyesha mahali nilipokuwa marehemu. Nilitazama kila kitu na sikutaka kufumba macho.

Baba Kabula amepasuliwa, kwa ganzi ya mgongo ile ile. Kichwa hakikumuuma, na kila siku nilimpigia simu kumuuliza. Mimi na Kabula tumefunga ndoa, baada ya yale mazungumzo ya jipu, ambayo yalikuwa marefu. Sasa nikiambiwa hospitali nirudi, narudi, na nikiulizwa naumwa nini, nakitaja kwa jina lake nikiwa bado nimekaa.