Asiyeitika Hayuko

Ninyi wa hapa laini, kwenye vyumba vya wafanyakazi, mmeniomba mara nyingi niwaeleze vile nilipona, na kila nikianza mtu ananikatiza. Kwa hiyo naandika. Karatasi haikatizi. Shule nilisoma kidogo tu, ile ya misheni kule kwetu magharibi, nikatoka kabla ya kujua kugawanya, basi mtu asikae kunitafutia makosa.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mkata matawi katika shamba hili la kahawa la Mzungu, huku Ruiru. Mkasi wangu nilikuwa naunoa mwenyewe kwa jiwe la mtoni. Kukata matawi si kazi ya mjinga. Ukikata mahali pabaya, mti unakununia mwaka mzima. Nilikuwa na nguvu, nilikuwa na meno, na maneno yalinijaa. Nyimbo hapana. Nyimbo niliwaachia akina mama wanaochambua kahawa pale fakitori. Hata kanisani nilifungua mdomo tu, sauti watoe wengine. Mke wangu Rasoa, ambaye nyote mnamwita Mama Jairo kwa sababu ya kijana wetu aliye Kisumu, alikuwa akisema sauti yangu ni kama ya mlango wetu. Na mlango wetu mnaujua.

Asubuhi moja nilikuwa katikati ya kahawa, mkasi ukaanguka. Nikainama niuokote, mkono ukakataa. Nikautazama mkono wangu wa kulia kama mkono wa mtu mwingine. Halafu mguu nao ukaenda. Nikajikuta nimelala kifudifudi kwenye majani yaliyooza, mate yananitoka, suruali imelowa. Nayasema haya kwa sababu wagonjwa wengi huyaficha, na anayefuata anafikiri ni yeye peke yake duniani. Nililowa. Mtu mzima, mwenye wajukuu.

Walinipakia kwenye lori la shamba mpaka hospitali ya Thika, juu ya magunia matupu. Mdomo ulikuwa umeshuka upande mmoja, na kila nilipokula nilijiuma shavu bila kusikia, mpaka niliposikia ladha ya damu ndani ya uji. Tumbo likafunga, ikabidi nitiwe maji ya sabuni kwa nyuma. Hayo yote ningeyavumilia. Lililonishinda ni ulimi. Neno nilikuwa nalo, nilikuwa naliona kichwani, limekaa kama kuku kwenye kiota. Nikilifuata, linatoka "nnn". Neno lolote, "nnn".

Daktari alimwambia Rasoa mbele yangu, kana kwamba mimi ni mzigo ulioachwa stesheni, "Mshipa umeziba kichwani, mama. Mguu utarudi kidogo kidogo. Maneno sijui."

Mguu ukarudi, mbaya lakini ukarudi. Nikaletwa nyumbani na fimbo. Hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipoanza, kwa maana hospitalini kila mtu ni mgonjwa, lakini hapa laini nilikuwa peke yangu. Watu walikuja kunisalimu wakipiga kelele masikioni mwangu, kama niliyepoteza masikio. Nikitaka choo, naletewa uji. Nikitaka uji, nafunikwa blanketi. Nikianza "nnn", jirani ananimalizia, "Anasema anamshukuru Mungu." Nilikuwa nasema ananikanyagia mguu. Shemeji yangu yeye akaja na habari za mganga, akakaa kutwa nzima, akala kuku wetu mmoja, akaondoka. Nilikuwa na mengi ya kumwambia huyo, na mpaka leo nayaweka.

Tena ilikuwa miaka ile ya hali ya hatari, askari wa serikali wakisimamisha watu kila njia. Mtu asiyeweza kutaja jina lake barabarani hakuifanyia mzaha barabara. Nikakaa ndani.

Kisha akaja nyapara wetu, Ndolo. Ndolo ni mtu wa kule Ngoliba, mrefu, na si mbaya ila ana kichwa kigumu. Alisimama mlangoni akaeleza kwamba kazi ya mkasi imekwisha kwangu, lakini naweza kupewa kazi ya kugeuza kahawa kwenye meza za kuanikia, mkono wa kushoto unatosha. Sharti ni moja. Kila asubuhi majina yakiitwa, niitike kama wengine. Mwezi ukiisha sijaitika, chumba atapewa mfanyakazi mwingine, nasi twende kwetu.

Rasoa akamwambia, "Ndolo, si unamwona kwa macho yako? Utaandika kwamba hayupo na amesimama mbele yako?"

"Mama Jairo, sheria sikuitunga mimi. Anayeitwa anaitika. Asiyeitika hayuko."

Na kwetu tungerudi wapi? Shamba la baba lilikuwa limegawanywa mpaka likawa kama mkeka. Nyumba yetu ilikuwa ni hiki chumba. Kwa hiyo kila alfajiri, kipande cha reli kilichoning'inizwa kama kengele kikigongwa, nilijikokota mpaka uwanjani. Ndolo anaita, "Zakayo!" Mimi "nnn". Anaita tena. "Nnn". Vijana wanachekea mikononi. Anapiga mstari, anaendelea na mwingine. Nikirudi nyumbani napiga ukuta kwa fimbo. Neno lenyewe ni "niko", na hata mtoto anayenyonya angelisema.

Sasa nifike kwa kuku. Rasoa alikuwa akinichukua fakitori, nikae karibu naye akichambua kahawa, maana alihofia kuniacha. Mashine ya kumenya kahawa ilikuwa inapiga, pata-pata, pata-pata. Kuku mmoja akaruka juu ya meza, akaanza kudonoa. Mimi kuku wa kudonoa kahawa nawachukia tangu zamani, hilo pia ningelieleza lakini ni refu. Nikakasirika. Nikagonga fimbo chini pamoja na mashine, na mdomo wangu huu ukatoa:

Kuku huyu, kuku huyu,
anakula kahawa ya Mzungu.

Wanawake wote wakaacha kuchambua. Rasoa akaniambia polepole, "Baba Jairo, umesema." Nikataka kumjibu "ndiyo". Ikatoka "nnn".

Nililia kwa hasira. Siku zote zile naomba Mungu anipe neno, na neno la kwanza kunipa ni la kuku.

Lakini Rasoa ana akili kuliko mimi. Usiku ule mvua ilinyesha, paa likavuja, tukatega bakuli chini yake, na alfajiri akanishika bega akanena, "Kule uwanjani usitafute neno. Piga fimbo kwanza, uangalie kitu, ukiimbe." Nikamwona mpumbavu, lakini sikuwa na ulimi wa kumwambia. Nikaenda. Ndolo akaita. Nikagonga fimbo, nikafikiria lile bakuli chini ya paa.

Mvua ya jana imepita,
paa langu bado linalia,
mimi niko.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Ndolo akasema, "Hapa si harusini." Lakini penseli ilikuwa imekwisha kuandika, na sheria yake mwenyewe ilimbana. Niliitwa, nimeitika.

Mngedhani hadithi imekwisha hapo. Nami nilidhani. Kesho yake nikaenda na mvua yangu ileile, nikafika "mvua ya", ulimi ukalala. Nikapigiwa mstari. Ndipo nikajua adhabu yangu: wimbo uliokwisha kuimbwa ulimi unauzoea, na ukiuzoea unalala tena. Kila siku ulitaka kipya. Mimi, mlango, nikalazimishwa kuwa mtunzi uzeeni, si kwa kupenda, bali ili mke wangu asilale nje.

Basi kutwa nzima nageuza kahawa, natafuta. Mwanzoni nilitafuta makubwa. Nilijaribu kumwimba Mungu, nikakwama. Nilijaribu Kilimambogo, mlima ule unaoonekana vizuri asubuhi kukiwa kweupe, ukakataa kuingia mdomoni. Yaliyoingia yalikuwa madogo. Kutu ya jembe la jirani. Ndoo inayovuja upande mmoja kama uso wangu. Viatu vya Ndolo, cha kushoto kikiwa kimecheka mbele. Nikaona nilikuwa nimepita katikati ya vitu hivi miaka yote nikiongea, sijaviangalia hata kimoja.

Na msidhani nilifurahi. Watu walifurahi. Walianza kuja uwanjani mapema wasikie mzee atasema nini leo. Walinisimamisha njiani, "Mzee, tuimbie kidogo," na mimi nataka tu kuomba chumvi dukani, siwezi. Chumvi nayo lazima niiimbe. Jaribu siku moja kuimba kwamba unahara, uone kama utafika. Nyumbani nako kukawa na moto, kwa sababu asubuhi moja nilikosa kitu kingine nikaimba hiki:

Uji wa nyumbani kwangu,
chini umeungua, juu mbichi,
nimekunywa, niko.

Rasoa alinisubiri mlangoni. "Ukiutangaza uji wangu tena, Baba Jairo, utakunywa maji ya mfereji." Nilistahili.

Hivyo hivyo tukapita mwezi, chumba kikabaki chetu, na mingine ikafuata. Nyuma ya nyimbo, maneno ya kawaida yakaanza kurudi moja moja, kama mbuzi waliotawanywa na mvua. "Maji" likarudi. "Rasoa" likarudi, jioni, naye akaacha mwiko ndani ya sufuria akakaa chini. "Niko" ndilo lililochelewa kuliko yote, labda kwa kuwa nililifukuzia sana.

Halafu asubuhi moja, kahawa zimechanua nyeupe, Ndolo akaita, "Zakayo!" Nami, kabla sijainua fimbo, nikasema, "Niko." Tupu. Safi. Kama mtu yeyote.

Hakuna aliyepiga makofi. Ndolo akainua macho, penseli hewani, akangoja.

"Nimesema niko," nikamwambia.

"Nimesikia. Lakini leo umekuja nusu, mzee."

Hasira niliyoipata siwezi kuiandika. Nimepigania neno moja mpaka nikazeeka mara ya pili, na leo nimelipata, naambiwa halitoshi. Nikawatazama wote wamengoja, na Rasoa kule nyuma kati ya wanawake, kitambaa mdomoni. Nikapiga fimbo.

Penseli ya Ndolo imekwisha,
sasa anaandika kwa kucha;
aandike nusu akitaka,
mimi ni mzima, niko.

Akaandika. Nikaenda kwenye meza zangu.

Namshukuru Mungu, ambaye aliniponya kwa njia ambayo nisingeichagua. Namshukuru Rasoa, na uji wake ni mzuri. Mkono wa kulia bado ni mzito. Haya nayaandika kwa wa kushoto, ndiyo maana herufi zimelala. Kila siku bado natafuta kitu kimoja kidogo cha kuimba, ingawa siku hizi hakuna anayenilazimisha, na siku nikikosa nakuwa mkali hata kwa paka.

Na wewe, ukikaa na mgonjwa anayetafuta neno, tafadhali usimpe la kwako. Hata kama unalijua. Hata kama uji unapoa. Shika penseli yako hewani, ungoje.