Ngamia wa Bidiya

Safari yetu ya Hispania ilikufa kwa daktari wa macho, saa nne ya asubuhi, nami nilikuwepo. Binti yetu alikuwa keshatupangia kila kitu: gari ya kukodi, wiki mbili, miji ya pwani kwanza, kisha vijiji vya milimani vyenye nyumba nyeupe. Mume wangu alikuwa ameichapisha ramani na kuitia karatasi ya plastiki isije ikalowa. Daktari akazima taa, akammulika, akaandika, kisha akasema kwa upole kwamba presha ya macho imeshamla pembe zote mbili. Mbele anaona vizuri, pembeni hana kitu. Kuendesha gari, basi.

"Basi mpaka lini?" mume wangu akauliza.

"Basi," daktari akasema.

Huyu ni mtu aliyekuwa mpimaji wa barabara serikalini kwa zaidi ya miaka thelathini. Nyingi katika njia za mikoa yetu ya Sharqiya na Dakhiliya alizipita kwa miguu, na kile chombo chake cha kutazamia begani, kabla hazijaonja lami. Nyumbani kwetu Ibra sheria ilikuwa moja tangu nilipopata leseni: mjini naendesha mimi, safari anaendesha yeye. Mimi nilikwenda na kurudi skuli nilikosomesha hesabu, nikaenda sokoni, nikaenda mazikoni. Barabara ndefu sikuwahi kuigusa.

Hispania akakataa kwenda. Alisema hawezi kusafiri mpaka Ulaya akakae garini kama gunia la mchele. Akanuna. Na mimi mwanamme wa kununa ndani ya nyumba simuwezi, hasa mstaafu, maana hana pa kwenda kununia. Wiki ya pili nikamfuata barazani.

"Bahari tunayo, milima tunayo," nikamwambia. "Mdogo wako anamwozesha kijana wake Nizwa Alhamisi. Tutakwenda kwa kuzunguka. Twende kwanza Sur, pwani, turudi tupande milima ya Dima wa Tayyin, kisha tuteremke Izki mpaka Nizwa. Siku tatu. Naendesha mimi."

Akaikunja miwani yake, akaikunjua.

"Nna sharti," akasema. "Kwa ndugu yangu watakuwa wamesimama nje wanaume wote, na wakwe juu yake. Mimi ndiye mkubwa wao. Sishushwi mlangoni na mke wangu kama mtoto wa skuli. Tukifika Izki, tunabadilishana viti. Izki mpaka Nizwa naendesha mimi."

Kutoka Izki mpaka Nizwa haifiki saa nzima, lakini magari ni mengi na mizunguko ya kwenye njia panda ni mingi. Nilijua ninalolikubali. Nikasema ndiyo kwa sababu nilitaka atoke pale barazani, na kwa sababu nilidhani siku tatu zitamsahaulisha. Miaka thelathini na minane ya ndoa, na bado nilidhani hivyo.

Tukatoka Ibra Jumanne baada ya chai. Akaketi upande wa kulia, kiti cha abiria, ramani ya Hispania magotini, akawa anasoma kila kibao cha njiani kwa sauti: duka la matairi, duka la mapazia, mgahawa. "Unaona?" akaniambia. "Nasoma." Na kweli alikuwa anasoma. Hilo ndilo lililomfanya asiamini. Herufi za mbele zilimjia safi, basi akaona daktari amekuza mambo.

Tulipokuwa tunauacha mji wa Bidiya, huku ananieleza jinsi mchanga ulivyowasumbua walipokuwa wanaipima sehemu ile, ngamia akatokea upande wake. Alikuwa jike mrefu, mweupe mweupe, anakuja moja kwa moja kama mtu aliyeitwa. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Mkanda ukanikaba, thamosi ya kahawa ikaruka ikapiga mbele. Yule ngamia akasimama kiasi cha mkono mmoja kutoka kioo cha mume wangu, kichwa kimeinama juu ya paa letu, kisha akabadili nia, akageuka, akarudi kwenye miti ya miiba.

"Umepigia nini breki?" mume wangu akauliza. Alikuwa anatazama mbele. Mbele palikuwa peupe.

"Ngamia."

"Ngamia gani?"

"Huyo! Ubavuni kwako!"

Akageuza shingo polepole. Ngamia keshaingia mitini. "Hapana ngamia hapa," akasema. "Unaogopa njia, bibi. Pole pole utazoea."

Nikaondoa gari. Hofu niliyokuwa nayo haikuwa ya ngamia. Nilikuwa nahesabu mizunguko ya kuingilia Nizwa.

Sur ilitufaa. Tulivuka daraja mpaka Al Ayja, tukatembea kwenye vichochoro vya nyumba nyeupe mpaka kwenye mnara wa taa, na mume wangu akaifungua ramani yake akaweka kidole. "Siku ya kwanza, mji wa pwani," akatangaza. "Nyumba nyeupe, zipo. Samaki wa kuchoma, yupo. Mvinyo, astaghfirullah, tutakunywa chai ya maziwa." Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Alikuwa amerudi yule niliyeolewa naye. Lakini kwenye ngazi za mnara alinishika bega, na mwanamke aliyekuwa anateremka upande wa kushoto akamgonga kikumbo, naye mume wangu akageuka akamwomba radhi mtu mwengine, wa upande wa kulia.

Kesho yake tukarudi njia ile ile. Pale pa Bidiya nikapunguza mwendo bila ya kusema neno. "Wallahi hapakuwa na ngamia," akasema yeye. Nje ya Ibra tukapita bila ya kuingia, maana tungeingia nyumbani tusingetoka, tukaanza kupanda Dima wa Tayyin.

Milima ile sikuwahi kuiendesha. Ni mipando na miteremko, kona imefichwa na kona nyengine, chini bonde la mawe. Hapo ndipo nilipomwona mume wangu alivyokuwa kazini. Aliegemeza kichwa, akafumba macho kabisa, akaanza kuniongoza.

"Kona hii inakaza kuliko unavyodhani. Tia gia ndogo. Bado, bado, haya sasa legeza. Mbele kuna mteremko, chini yake maji hupita ikinyesha, usiende mbio."

Kila alilolisema likatokea. Alikuwa na barabara nzima kichwani. Mimi nilikuwa na macho, yeye alikuwa na njia, na kwa muda wa saa mbili hatukugombana hata mara moja, jambo ambalo nyumbani halijapata kutokea. Nilijisikia bingwa. Nasema hivyo bila ya haya: niliteremka garini kijijini nikiwa nimejaa fahari, nikapiga mlango kwa mkono mmoja kama dereva wa lori.

Tulifikia kwa mwenzake wa zamani wa kazini, Mwarabu wa pale pale, mwenye mbuzi na shamba la mitende. Wanaume wakaingia majlisi, sebule ya wageni, mimi nikakaribishwa na mkewe chumba cha pili, mlango wa kati wazi. Kwetu huku mgeni haulizwi jambo papo kwa papo. Hula tende, hunywa kahawa, akatikisa kikombe kwamba ametosheka, ndipo mwenyeji anapouliza ulumu, yaani habari. Na aliye mkubwa katika wageni hujibu kwa niaba ya wote, kwa utaratibu, watu wote wakisikiliza. Ndiyo taarifa rasmi. Likishasemwa pale, limesemwa.

Nikamsikia mwenyeji anauliza. Nikamsikia mume wangu anajibu kwa Kiarabu chake kizuri, maana Kiswahili chetu cha nyumbani mwenyeji hakijui: habari ni kheri tu, wametoka Sur, mvua hakuna, njia safi. "Nimeendesha taratibu," akasema, "mpaka hapa kwako."

Nimeendesha!

Kikombe kikanisimama mkononi. Mke wa mwenyeji, aliyeniona kwa macho yake nikiliegesha gari chini ya ukuta wake, akanitazama. Nikatazama zulia. Nilikasirika hasira ambayo sijui niiite nini, maana ndani yake mlikuwa na huruma, na huruma inaiharibu hasira. Miaka ishirini na mitano nimesomesha watoto wa watu kwamba jibu likiwa si sahihi hata ukiliandika kwa mwandiko mzuri si sahihi. Na mume wangu amekaa mbele ya rafiki yake anaandika kwa mwandiko mzuri.

Asubuhi ya Alhamisi, tulipokuwa tunateremka, nikamwambia.

"Jana umeendesha vizuri."

Akajivuta kitini.

"Ungetaka niseme nini? Huyu bwana kanijua nikiwa naendesha gari pasipopita hata mbuzi."

"Sema ukweli."

"Izki," akasema. "Umeniahidi Izki."

Njia nzima nilikuwa natafuta la kufanya. Kumnyima ufunguo naweza, mimi ndiye niliyeushika. Lakini kumnyima mtu mzima mbele ya njia aliyoipima mwenyewe, kisha nimfikishe kwenye harusi ya familia yake amekunja uso? Na nikimpa, kuna watoto wanavuka barabara Nizwa, kuna watu wamejaa sokoni siku ya Alhamisi, na upande wa kulia wote kwake haupo, na wa kushoto haupo.

Tukafika Izki baada ya adhuhuri. Nikaingia kituo cha mafuta, nikaegesha kivulini, nikazima gari. Ng'ambo ya ukuta palikuwa na mashamba, maji ya falaji yanasikika yakipita kwenye mfereji. Nikateremka, nikauzunguka upande wake, nikafungua mlango, nikamtilia ufunguo kiganjani.

"Haya, bwana. Kiti chako."

Akakaa nyuma ya usukani. Akabonyeza kiti kirudi nyuma, maana miguu yake mirefu. Akanyoosha kanzu. Mimi nimesimama nje.

"Panda," akasema.

"Sipandi."

"Umeahidi!"

"Nimekuahidi kiti. Kiti hicho. Sikukuahidi kupanda. Nenda, mimi ntatafuta teksi."

Akanitazama. Mbele anaona vizuri, basi aliniona vizuri. Kisha akawasha gari. Nikaona namna nitakavyokimbia kusimama mbele ya gari katikati ya kituo, mke wa mtu wa miaka sitini, na buibui langu jipya la harusi. Na wallahi ningesimama.

Hakutia gia. Alikuwa anatazama kioo cha upande wa kulia. Akageuza jicho, halafu kichwa, halafu shingo nzima, kama mtu aliyevaa kola ya kubana. Lori la maji likatoka kwenye pampu likapita upande huo huo, refu kama nyumba, nalo likatokea mbele yake ghafla. Nikamwona anaruka kitini.

Lori likaenda zake. Yeye akakaa na mikono juu ya usukani. Kisha nikasikia kile kimlio cha kiti. Kilikuwa kinarudi mbele, kidogo kidogo, kinasimama, kinarudi tena kidogo, mpaka pale pale ninapokaa mimi. Akazima gari, akateremka, akaja upande wangu akipapasa boneti kwa vidole.

"Kiti nimekirudisha pako," akasema. "Kioo sikukigusa."

Nilifurahi, na furaha ile ikaniuma. Nilitaka kumkumbatia, lakini palikuwa na wanaume wanatia mafuta, basi nikamtengeneza kofia.

"Yallah," akasema. "Tutachelewa akdi ya ndoa."

Nizwa walikuwa wamesimama nje kama alivyosema, ndugu zake, watoto wa ndugu zake, wakwe wenye majoho. Mdogo wake akaja mbio akafungua mlango wa dereva, mkono keshaunyoosha, "Shikamoo ka—" akanikuta mimi.

"Marahaba, shemegi," nikamwambia, "kaka yako yuko huko." Nikaenda zangu kwa wanawake. Kama atasema nimemnyang'anya usukani, au atasema ameteguka mguu, au ameendesha mpaka kona ya mwisho, sikutaka kumwona usoni.

Lakini majlisi na chumba cha wanawake vimetenganishwa na pazia tu. Tende zikaliwa, kahawa ikanywewa. Sauti ya mkwe mkubwa, mtu wa Nizwa asiyejua hata neno moja la Kiswahili, ikauliza ulumu. Sote tukatega masikio, huku na kule.

"Kheri tu," mume wangu akajibu kwa Kiarabu. "Tumetoka Ibra, tumefika Sur, tumepanda Dima wa Tayyin, tumepita Izki. Njia salama. Macho yangu hayaoni tena pembeni, na kuendesha gari nimeacha. Ameniendesha mama watoto njia yote, mpaka mlangoni kwenu. Na anajua kuendesha."

Mtu mmoja akasema mashallah. Mke wa shemegi yangu akanifinya paja. Mimi nilikuwa nimeikamata sahani ya halwa kwa mikono miwili, sioni vizuri.

"Ila breki," akaongeza, sasa kwa Kiswahili, na sauti yake ikawa ile ya barazani kwetu, "breki anazikanyaga mno."

Nikasahau wakwe, nikasahau harusi, nikapaza sauti juu ya pazia:

"Palikuwa na ngamia!"

Wakacheka, hata wasiojua kilichosemwa. Nikamsubiri. Akangoja kicheko kiishe, akasema taratibu, ili wasikie wote:

"Ndiyo. Palikuwa na ngamia."