Uchaguzi wa Amani na Kidole Changu cha Wino

Aibu yenyewe naisema mapema nisije nikaambiwa nimeficha: siku niliyosimama katikati ya mkutano wa umoja wetu, nikabamiza meza na kusema kwa sauti ambayo nadhani ilifika mpaka duka la donati la jirani, "Hatoki mtu humu mpaka nipige kura!", nilikuwa na masharubu ya wino wa bluu, na sikujua.

Mimi ni mtu wa Korogwe, nina kidato cha nne, mtoto mmoja, na mume dereva wa lori anayekaa barabarani mpaka anasahau sura zetu. Kwetu niliondoka kabla sijafikisha umri wa kupiga kura, na huku Toronto uraia nilikuwa bado nausubiri, kwa hiyo nilikuwa mwanamke mzima, nalea, natafuta, na kura sijawahi kupiga hata moja. Mtu mwingine hilo halimnyimi usingizi. Mimi lilininyima kwa sababu ya mama. Siku ya uchaguzi mama alikuwa anavaa kitenge chake cha kutokea, anawahi foleni, na akirudi anatunyooshea kidole kidogo chenye wino, tunakigombania kukishika, na siku hiyo nzima hafui wala haoshi vyombo (anasema wino utatoka, wakati kila mtu anajua wino ule hautoki hata uusugue kwa jivu), anakaa barazani na kidole chake kama bibi harusi. Kwenye basi la Scarborough, theluji imeshageuka tope, watu wote wameziba masikio kwa visikilizio vyao, nilikuwa nakikumbuka kidole kile kuliko hata chakula cha kwetu.

Basi niliposikia umoja wetu wa Waswahili una uchaguzi, nikampigia mama. "Mama, Jumamosi napiga kura!" Akapiga kigelegele mpaka simu ikakwaruza. "Nitumie picha ya kidole," akasema. "Nikawaoneshe akina shangazi yako."

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo wa kijinga. Nilijua ukumbini wino hautakuwepo, nikanunua kichupa cha wino wa muhuri, na nikakipaka kidole kabla sijatoka nyumbani, kwa sababu (niliwaza) pale dirishani mwanga ni mzuri na mtoto ametulia. Nikapiga picha, nikaituma. Kura yenyewe si ndiyo naiendea? Kuna ubaya gani?

Kumbe wino wa muhuri haukauki upesi kama ule wa uchaguzi. Kwenye basi nikamfuta mwanangu Zawadi kamasi, nikajifuta na mimi, maana baridi ile ilikuwa inatoa kila kitu puani, na sikujiangalia popote.

Ukumbi wenyewe ni wa chini ya ghorofa, unanuka sambusa na makoti mabichi. Mwenyekiti wetu ni Mzee Salehe, sote tunamwita Mjomba, mpole mpaka anakera. Akasimama, akasema, "Ndugu zangu, viti ni saba, na majina tuliyoletewa ni saba. Kwa hiyo kura hakuna. Wote wamechaguliwa. Karibuni chai."

Watu wakapiga makofi. Makofi!

"Mjomba," nikasema, "karatasi za kura ziko wapi?"

"Hazikuchapwa, binti yangu. Za nini?"

Akaanza kunieleza taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Kabla ya Kanada alikaa Ujerumani miaka mingi, na huko aliwahi kuwa kwenye baraza la mfuko wa bima ya afya, mifuko ambayo wenye kuchangia ndio huisimamia wenyewe. Makundi yanakaa mapema, yanaelewana, yanaleta majina yanayolingana na viti, na ikiwa hivyo hakuna wa kusumbuliwa kupiga kura: waliotajwa wanahesabiwa wamechaguliwa. "Wanauita uchaguzi wa amani," akasema. "Sisi zamani tulikuwa tunashindana, wewe hukuwepo. Watu walifika mahali hawazikani. Unataka turudi huko?"

Sikutaka turudi huko. Nilitaka sanduku. Nilitaka kukunja karatasi, maana mama yangu ameshaoneshwa kidole, shangazi zangu wameshaitwa. Ndipo nikabamiza meza nikasema niliyoyasema.

Zawadi akanitazama usoni, akaanza kucheka. Akafuatia Mama Njeri, nesi wa Kenya, rafiki yangu ninayemshikia mtoto akienda kazini, ndiye katibu wa umoja tangu nifike. "Aki Mama Zawadi, hizo masharubu umeanza kufuga lini?"

Nikajifuta, masharubu yakawa ndevu. Mjomba akanyoosha shingo. "Na huyu mbona ameshapiga kura? Si kidole hicho?"

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Hasira zikanipanda mpaka nikasikia masikio yanawaka, na mdomo ukaropoka wenyewe: "Basi na mimi nagombea! Ukatibu! Majina sasa ni manane, viti ni saba. Leteni karatasi!"

"Ni haki yake," Mjomba akasema, akaiacha birika. Wenzangu wakaguna, sambusa zinapoa. Nilijiona nimeshinda.

Mama Njeri akasimama. "Mimi nishindane na huyu, halafu kesho nitamwachia nani mtoto nikienda shifti? Zii. Nimejitoa. Hata nilikuwa nimechoka na hiyo kazi."

"Kaa chini!" nikampigia kelele. "Rudi! Gombea!" Nilimfuata mpaka kwenye meza ya chai, mwanamke mwenye ndevu za bluu anambembeleza mpinzani wake ampinge.

"Majina saba, viti saba," Mjomba akasema kwa furaha ya kweli. "Hongera, katibu."

Makofi tena.

Kwenye basi nikasikiliza ujumbe wa mama. "Nimewaonesha wote, shangazi yako amelia. Umemchagua nani, mwanangu?" Nikausikiliza tena na tena kwa ajili ya sauti yake tu. Mimi ndiye niliyechaguliwa, na hakuna aliyenichagua, hata mimi mwenyewe.

Katiba ya umoja inasema malalamiko yote yaandikwe na yapelekwe kwa katibu. Nikayaandika.

*Ndugu Katibu,*

*YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KUCHAGULIWA KWAKO*

*Rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanachama halali. Nalalamika kwamba Jumamosi ulipita bila kura hata moja, na mimi niliyetoka na mtoto kwenye baridi ili nipige, sikupiga. Mjomba simlaumu, amani yake naielewa. Ila amani ambayo sikuulizwa inanitia hasira.*

*Naomba uchaguzi wa kiti chako urudiwe, awepo wa kukupinga, na abaki mpaka mwisho. Ukishindwa, ushindwe. Mimi sikupi kura yangu, nitampa Mama Njeri. Wino nitakuja nao, na sitaupaka tena kabla ya kutumbukiza karatasi. Mama yangu atahitaji picha nyingine, na sijajua nitamwambia kwa nini.*

*Wako,*
*Mama Zawadi*

*Imepokelewa na Katibu. Muhuri wa umoja sijakabidhiwa, kwa hiyo nimeweka kidole.*