Chungu cha Ndugu Wawili

Siku yangu ya kwanza kazini, Mama Khasandi hakunionyesha chungu wala pombe. Alinipa sepetu, akanisimamisha mbele ya bati pana lililowekwa juu ya moto, akaniambia nikaange. Nilikuwa nimeolewa Shinyalu majuzi tu, na nilidhani kupika busaa, pombe yetu ya nafaka, ni kukoroga. Kumbe kazi inaanza mbali. Unga wa mahindi unakandwa, unafunikwa siku kadhaa mpaka unuke uchachu, ndipo unakaangwa kwenye bati hadi uwe chenga za kahawia. Moshi ulinitoa machozi, nikaacha kugeuza.

"Lia huku unageuza," akasema. "Ikiungua, watu watakunywa masizi."

Huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wetu sisi wanawake wapika pombe. Hatukupika ya kuuza. Tulipikia sherehe tu, kwa kibali cha naibu wa chifu, ambaye alikuja mwenyewe kukagua mapipa na kutuonya: "Kina mama, sherehe ikiisha, na pombe iwe imeisha." Tuliitwa Malinya, kwenye maboma ya wenye mafahali wa kupigana. Tuliitwa Butali, kwa wakulima wa miwa waliokuwa wakiozesha mabinti. Kila mahali Mama Khasandi alipima joto kwa mkono. Kimea, yaani wimbi lililooteshwa, likaanikwa na kusagwa, ndicho kinachoiamsha pombe, nacho kinataka maji ya vuguvugu. Maji yakiwa baridi, kimea kinalala. Yakiwa moto sana, kinakufa.

Kazi ambayo bado inaniuma ni ya kwa Mzee Ingosi, hapa hapa Shinyalu. Mzee huyo na mdogo wake, Mzee Muhati, hawakuwa wamesemezana tangu walipomzika baba yao. Waligombania mpaka wa shamba, Muhati akahamia Butali kulima miwa, wakazeeka hivyo. Kisha Muhati akaugua figo. Dada yao, Shangazi Belisi, akawa mtu wa kwenda huku na kurudi huku akiwasihi, mpaka wakakubali kukutana Jumamosi. Wangekaa kwenye chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake, wanywe pamoja. Kwetu wakishafanya hivyo, ugomvi umewekwa chini.

Shangazi alikuja kwa Mama Khasandi mwenyewe. "Hii si harusi," alimwambia. "Hii usikosee."

Wiki hiyo ilinyesha bila kupumzika. Chenga zilikuwa baridi, Mama akaagiza maji yachemshwe kidogo. Tulipoyamimina kwenye pipa, akatumbukiza mkono mpaka kwenye kifundo.

"Sawa. Leta kimea."

Mimi niliona mvuke. "Mama, hii maji bado iko moto."

"Mimi hupimanga hivi tangu ukiwa mtoto. Leta."

Hakuna aliyekuwa akibishana naye. Kimea kikaingia. Nilipogusa maji nilirudisha kidole haraka, kisha nikautazama mkono wake. Ngozi ilikuwa imegeuka nyekundu, naye anaukausha kwa leso kama mtu aliyenawa tu. Baadaye ndipo tulielewa kwamba ugonjwa wa sukari ulikuwa umemwondolea hisia vidoleni. Wakati ule hata yeye hakujua.

Ijumaa tukafunua pipa. Pombe iliyo hai inalia, sauti kama ya manyunyu juu ya majani ya ndizi. Hii ilikuwa kimya. Mama akaonja, akaonja tena, akaketi.

"Tamu kama uji," akasema. "Nimeiua."

Hatukukaa kulia. Mmoja wetu alikimbilia kwa jirani kuomba kimea kipya. Mimi nilipanda pikipiki hadi Malinya, kwenye nyumba iliyokuwa na harusi, nikarudi na kibuyu cha machicha ya pombe hai. Tulivichanganya, tukalivisha pipa magunia na blanketi, tukalisogeza karibu na meko. Mama alisimama kando.

"Pima wewe," aliniambia. Mkono wake aliuficha ndani ya leso.

Jumamosi pombe ilikuwa imeanza kunong'ona, lakini haikuwa tayari. Muhati akafika kwa gari la mwanawe, amekonda, koti linamning'inia. Kaka yake akatoka nje. Wakapeana mikono.

"Umefika."

"Nimefika."

Chai ikaletwa. Mama Khasandi akaenda mbele yao, akasema ukweli: "Wazee, nisameheni. Haijaiva. Nipeni mpaka Jumatatu."

"Basi tungoje," akasema Mzee Ingosi. "Maneno haya hayasemwi kwa chai."

Kwa hiyo wakazungumzia mvua. Wakazungumzia miwa. Watu wazima wote tuliokuwa pale tuliwasikiliza, na hakuna aliyefungua kinywa kuwaambia waseme tu. Jioni Muhati akainuka. Jumatatu alikuwa anatakiwa hospitalini. "Nitarudi wiki ijayo," akasema, na kaka yake akamsindikiza mpaka garini.

Jumatatu pombe ikawa nzuri kuliko zote tulizowahi kupika. Tulikuwa tunaijaza chunguni pamoja na maji ya moto, kama inavyonywewa, ili mwenyeji aionje, Shangazi Belisi akaingia ameshika kichwa. Muhati alikuwa amefariki asubuhi hiyo, kitandani hospitalini.

Mama Khasandi alipiga magoti mbele ya Mzee Ingosi. Mzee akamshika bega, akamwinua.

"Inuka, mama. Mimi ndiye niliyemfungia mlango wa gari," akasema. "Ningeweza kusema pale."

Aliomba chungu kiletwe pamoja na mirija yote miwili. Aliketi nacho mpaka kikapoa, kisha akaagiza kimwagwe. Hakuonja.

Mama Khasandi hakupika tena. Alinikabidhi sepetu na mapipa, na ukubwa huo niliupokea bila furaha. Nimeongoza wanawake wengine miaka mingi, na manaibu wa chifu wamebadilika mmoja baada ya mwingine. Sasa kifua changu kimekataa moshi, nimestaafu. Wanaopika siku hizi wanatumia kipimajoto, na mimi nawasifu.

Huwa wanakuja kuniuliza wafanyeje pombe isipoamka. Nawaambia waongeze kimea kipya, waombe machicha yaliyo hai, wafunike pipa vizuri, wangoje. Halafu nawauliza wapishi hao: wageni wenyewe wamekuja kusema nini? Wakinijibu kwamba ni mambo ya ndugu, nawaambia waende kwanza wakawakalishe ndugu hao, wawape chai, ili waseme.