Visiwa Nilivyowapangia Wengine

Siku niliyoanza kazi katika ofisi ya safari pale Al-Murabba, Riyadh, Mudiri, ndiye meneja wetu, alinitandazia ramani mezani akaweka kidole juu ya bahari tupu. Nilipoinama vizuri niliona si tupu. Palikuwa na vitone, kama kwamba mtu amekula mkate wa ufuta juu yake.

"Visiwa vya Uskoti," alisema. "Vidogo. Wewe utavipanga."

"Hoteli ziko wapi, bosi?"

"Mafi. Hakuna."

"Barabara?"

"Moja. Inaishia kwenye zizi la kondoo."

"Sasa wateja wanakwenda kufanya nini?"

"Wanatembea, yaa Faki. Kwa miguu. Kwenye mvua."

Nilidhani ananipima akili. Mimi ni mtu wa Pemba, na kwetu anayetembea kwa miguu kwenye mvua ni yule aliyekosa gari. Lakini nje ya dirisha lile jua la Riyadh lilikuwa likichemsha lami, na nikaanza kuelewa kwa nini watu wazima wenye watoto wao walikuwa radhi kusafiri mbali hivyo ili wanyeshewe.

Kazi yenyewe iliitwa upangaji wa njia. Kijana anayeianza leo ataona ramani kwenye simu, mstari mwekundu, kilomita kadhaa, basi. Sisi tulifundishwa tusihesabu kilomita. Tulihesabu saa za miguu. Kilomita tano za barabara ni saa moja, lakini kilomita tano za mboji ni tatu, na ukiwa na mtoto ni nne na kilio. Mboji ni ule udongo mweusi wa majani yaliyooza, laini kama uji. Wenyeji huukata kama matofali, wakaukausha, wakawashia moto. Mgeni huupima kwa magoti yake.

Halafu kuna siku ya akiba. Feri ya kisiwa kidogo inaweza kwenda mara mbili kwa wiki, na upepo ukikataa haiendi kabisa. Kwa hiyo kila safari tuliiongezea siku moja isiyokuwa na kazi, na mteja alipouliza ya nini, tulimjibu ya kupumzika. Mimi ni mtu wa kupatana bei tangu utotoni, lakini huko nilikutana na waliozidi. Nilimpigia mwenye boti mmoja, nikamwomba awasubiri wateja wangu nusu saa. Akasema robo. Tukasukumana hadi dakika ishirini. Upepo ukavuma siku hiyo, asije kabisa.

Mudiri alinisifu kwa jambo moja, kwamba kila kitu nahesabu mara mbili. Magati, mageti ya kondoo, madaraja ya mbao, hata viatu vya wateja. Nilikuwa naishi mtaa wa Manfuha, hukohuko Riyadh, wanne chumba kimoja, na wenzangu walipokuwa wakizungumzia mpira mimi nilikuwa nikijua kwa kichwa geti gani katika kisiwa gani lina komeo bovu. Sikuwa nimeliona hata moja.

Hapo ndipo wivu ulipoanza, na sitauremba. Mteja alirudi siku moja akaacha viatu vyake ofisini, tuvitume kwa fundi. Vilikuwa na mboji imekauka kwenye soli. Nilifunga mlango, nikakwangua kidogo kwa ukucha, nikanusa. Yule bwana alikuwa akilalamika kwamba kila mahali kulikuwa na usubi, wale vidudu wadogo wanaouma kama pilipili, na kwamba hakuona jua siku nne. Nikamwambia pole. Moyoni nikasema: nipe mimi hizo siku nne, na usubi wako pia.

Mudiri alipofungua tawi Jeddah alinichukua. Nilipata chumba Al-Nuzha, na meza yangu mwenyewe. Kila mwaka, kabla ya wateja wa kiangazi, ofisi ilipeleka mtu mmoja akaitembee njia mpya mguu kwa mguu. Tuliiita safari ya ukaguzi. Zamani alikwenda Mudiri mwenyewe, hadi magoti yalipomwambia halas, basi. Nikajua zamu yangu imefika.

Akampeleka Gladys.

Gladys alikuwa Mkenya wa Nakuru, mchangamfu, na nilimfundisha mimi, kuanzia saa za miguu mpaka siku ya akiba. Nilikwenda kwa Mudiri.

"Bosi, miaka yote hii. Kwa nini yeye?"

"Kwa sababu wewe nikikupeleka, nani atahesabu?" Akaniona uso, akalegea. "Mwakani wewe. Nimeandika."

Akafungua mtoto wa meza akanionyesha fomu, jina langu juu. Mwakani ulikuwa mwaka wangu wa mwisho. Ikama yangu, kile kibali cha kuishi Saudia, haingeongezwa tena baada ya hapo. Kwa hiyo ilikuwa fomu hiyo au basi.

Njia ya Gladys ilikuwa na kivuko cha mchanga. Kuna visiwa viwili huko ambavyo bahari ikitoka unavuka kwa miguu, na ikirudi huvuki. Mtu wa kupanga njia lazima aandike saa. Mimi bahari sikufundishwa na karatasi. Kwetu mwezi ukiandama, na tena ukipevuka, bahari ni bamvua, na maji hutoka mbali kabisa saa nne asubuhi. Kalenda ya mwezi ilikuwa ukutani, Saudia haikosi. Nikahesabu tarehe, nikahesabu tena, nikaandika: saa nne, mchanga mkavu.

Gladys alisimama kwenye meza yangu na karatasi. "Mzee Faki, hii saa umetoa kwa jedwali la maji la huko?"

"Wewe Nakuru una bahari gani, bibiye?"

"Sina. Ndiyo maana nauliza."

"Basi mwachie aliyezaliwa nayo."

Jedwali lilikuwa kwenye rafu nyuma yangu. Ningenyoosha mkono tu. Lakini kulifungua kungekuwa kukubali kwamba huyu aliyechukua safari yangu ana la kunifundisha, na siku hizo hata chai aliyonichemshia niliiacha ipoe.

Alinipigia akiwa huko. Upepo ulikuwa ukipiga kwenye simu.

"Mzee, saa yako ya dry iko wapi? Hapa kati maji imenifika kifua!"

"Rudi nyuma! Gladys, rudi sasa hivi!"

"Nimesharudi, na kiatu kimoja kimebaki huko. Kuna mama mmoja wa hapa amenipigia kelele mpaka nikageuka. Anasema maji inatoka saa sita na nusu. Kila bamvua, saa sita na nusu."

Nilikaa chini. Mwezi ni mmoja dunia nzima, lakini kila pwani ina saa yake. Hilo hata mvuvi wa ng'ambo ya kisiwa chetu angeniambia. Nami kuhesabu mara mbili kwa hesabu ileile ni kuhesabu mara moja.

"Mzee, sikiza," Gladys alisema, sasa taratibu. Alijua habari za fomu. Ofisi nzima ilijua. "Mimi kwa ripoti nitaandika nilichelewa kufika. Mwakani uende. Lakini ile familia yenye watoto watatu iko na karatasi yako tayari. Hiyo ubadilishe wewe."

Familia ilikuwa inaondoka baada ya siku sita. Na mpango uliokwisha kugongwa muhuri haukubadilishwa ila na Mudiri, kwa sababu iliyoandikwa. Nilikwenda kwake. Nasema kweli: nilianza na uongo.

"Bosi, kuna mabadiliko madogo. Mwenye boti amesogeza saa zake."

"Tena? Huyu mzee ananichosha." Akanyoosha mkono kwenye simu. "Ngoja nimseme mwenyewe."

Niliutazama mkono ule unavyokwenda. Nilikuwa na uongo mwingine wa namna mbili tayari, na wote ulikuwa mzuri.

"Bosi, weka simu. Boti haina kosa. Saa ya mchanga niliitoa kichwani. Gladys nusura azame."

Hakupiga kelele. Aliuliza, "Na jedwali?"

"Lipo. Sikulifungua."

"Kwa nini?"

"Aliyeniambia nilifungue ni Gladys."

Mudiri aliichukua karatasi ya familia. Aligonga muhuri kwenye saa mpya, akanipa niipeleke kwa familia kwa mkono wangu. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa fomu, akakata jina langu kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika la Gladys juu yake.

"Utahesabu hapa," alisema. "Na jedwali mkononi."

Familia ilivuka salama, watoto wakarudi na kombe mfukoni. Wakanionyesha. Zilikuwa kombe za kawaida, kwetu tunazikanyaga, na nilizitamani zote.

Nilistaafu mwaka uliofuata, nikarudi Wete. Vijana wanaotaka kuingia kazi hii huja kuniuliza, nami huwaambia yaliyo ya kufaa: hesabu saa, usihesabu kilomita, weka siku ya akiba, kila pwani iulize yenyewe. Wakiniuliza visiwa vile vikoje, nawasimulia mpaka harufu ya mboji. Hawajauliza kama nilifika, nami sijawaambia.

Gladys hunipigia kila Idi, ingawa yeye ni Mkristo. Sina cha kumsamehe, hakunikosea chochote, na hilo ndilo linalonichosha. Angenikosea kidogo tungekwisha patana. Mara ya mwisho alikuwa na habari.

"Mzee, ule mchanga basi tena. Wamejenga tuta la mawe, magari yanapita juu. Hakuna mtu anavuka kwa miguu."

Nikamwambia pole sana. Nikamuuliza yeye kwa jumla amevuka mara ngapi.

"Tano," alisema. "Na ile ya kwanza, sita."

"Ile ya kwanza haimo," nilimwambia. "Hukufika ng'ambo."

Akacheka sana, akidhani natania.