Punda Aliyeniegemea

Punda wetu nilimlea mimi. Mume wangu alimnunua kwa wafugaji waliohamia Kibiti, avute mkokoteni wa maji, akaja mbavu nje. Mimi ndiye niliyemlisha pumba mpaka akanawiri.

Kisha mume wangu akaoa mke wa pili, binti wa Salale, aliyekulia kwenye mitumbwi na hajawahi kushika hata mkia wa punda. Haukupita muda punda akawa anamfuata yeye uani, kutoka jikoni mpaka kisimani. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nilidhani msemo huo ni wa waume tu. Nilimwonea wivu hadi chakula kikanishinda. Wanasema shukrani ya punda ni mateke. Mimi hata teke sikupewa.

Siku punda alipokanyaga msumari, tulimwita daktari wa mifugo. Mguu haukushikika, basi akamchoma sindano ya kumtuliza. Baada ya muda kichwa kikashuka mpaka magotini, mdomo wa chini ukaning'inia, miguu ya nyuma ikatanuka. Msumari ukatoka bila vita. Tulipomsogeza kivulini alikwenda kwa hatua fupi fupi, kwato zikiburuza mchanga, kiuno kikiyumba.

"Mwendo huu usiuhesabu, mama," daktari akaniambia. "Ni dawa hiyo. Ikimwisha ndipo tutajua kama anachechemea. Na asipewe chakula, atapaliwa."

Nikashika kamba. Punda akaniegemea, kichwa chote begani kwangu. Nilijua ni dawa. Nilijua hata ukuta ungemfaa. Lakini sikusogea.

Mwenzangu akaja na bakuli la pumba. "Dada, nami nimshike kidogo."

"Daktari kakataza."

Alikataza chakula, hakukataza mikono. Mwenzangu akarudi barazani kwake, akakaa akitutazama kwa huzuni, na mimi nikaona raha ambayo sikuwa nimeionja tangu harusi yao.

Alasiri masikio yakasimama. Punda akainua kichwa, akapiga hatua moja ya kuyumba, nyingine ikanyooka, kisha akaenda moja kwa moja mpaka barazani kwa mwenzangu. Hakuchechemea hata kidogo. Mume wangu akasema alhamdulillahi. Daktari naye akafurahi, akaniuliza kama nimeona mwendo ulivyorudi sawasawa.

Nikamuuliza kama ile sindano inaweza kurudiwa.